Shajara ya Corolla AE100: injini ikipata moto, gari linagoma kuwaka

Gari: Toyota Corolla AE100 ya 1994, injini 5A-FE ya cc 1,498, gia otomatiki, linatembea Dar es Salaam. Mafuta yanaingia kwa nozeli (vinyunyizio vinavyofunguliwa na kompyuta ya gari), hewa inapimwa na sensa ya vakumu, moto wa plagi unagawanywa na distribyuta yenye koili (kifaa kinachozalisha umeme mkali wa plagi) ndani yake. Odometa ilipopokelewa: km 214,600.

Siku ya 1, asubuhi

Lalamiko: "likipata moto haliwaki". Kwa sentensi hiyo peke yake huwezi kushika spana. Mwenye gari aliulizwa mambo manne: stata inazungusha au inagonga "tak" tu? Gari linakuwa limezimwa muda gani kabla ya kugoma? Likigoma linakaa muda gani hadi likubali? Na vifaa gani vimeshabadilishwa?

Stata inazungusha kwa nguvu. Ukizima na kuwasha papo hapo, gari linawaka. Likipumzika kati ya robo saa na dakika 40 ndipo kuna balaa: mara linazungushwa sekunde nane, kumi, linakohoa, linashika, mara haliwaki kabisa mpaka lipoe saa nzima. Asubuhi halina neno. Vilivyobadilishwa: betri, plagi, waya za plagi, pampu ya mafuta. Pampu iliwekwa baada ya fundi mmoja kutoa plagi gari likiwa limegoma, akazikuta kavu. Tangu hapo kugoma kuliendelea, na mwenye gari anadhani kuliongezeka.

Yote tuliyaandika chini ya kichwa kimoja. Kichwa hicho kilitupotezea siku tano.

Ile robo saa ina sababu. Injini ikifanya kazi, maji yanazunguka, feni inavuta, upepo unapita chini ya boneti. Ukizima, vyote vinasimama, lakini chuma cha hedi na manifoldi bado kina joto lake na kinalitoa kwa kila kilicho jirani: reli ya nozeli (bomba linalozigawia mafuta), distribyuta, waya, soketi. Kwa hiyo vifaa hivyo vinakuwa vya moto zaidi dakika 15 hadi 30 baada ya kuzima kuliko gari likiwa barabarani. Kifaa chenye ufa unaofunguka kwa joto kitafunguka wakati huo, kisha kitajifunga kikipoa. Ndiyo maana gari likivutwa hadi gereji linawaka mlangoni, na fundi anaapa kuwa ni zima.

Siku ya 1, jioni. Vipimo vya baridi

Betri imepumzika: volti 12.6. Wakati wa kupiga stata: 10.4 (chini ya 9.6 ingetutia wasiwasi). Terminali safi.

Kodi (namba za hitilafu zinazohifadhiwa na kompyuta): kiboksi cha DIAGNOSTIC chini ya boneti, kipande cha waya kati ya TE1 na E1, swichi ON bila kuwasha injini. Taa ya injini ilipepesa mfululizo bila kituo, maana yake hakuna kodi iliyohifadhiwa. Kila fundi aliyepita alikuwa ameanza kazi kwa kung'oa terminali ya betri, na kompyuta ya gari hili inasahau kila kitu ikikosa umeme. Kwa hiyo taa ilikuwa inasema tu kwamba kumbukumbu imefutwa. Kibandiko kimewekwa juu ya betri: USIFUNGUE. Hata fyuzi ya EFI (mfumo wa kompyuta na nozeli) isiguswe, nayo inafuta vilevile.

Sensa ya joto la maji: injini baridi, nyuzi 29, kilo-omu 1.7. Kitabu cha ufundi kinataka 2 hadi 3 kwenye nyuzi 20, na 0.2 hadi 0.4 kwenye nyuzi 80, kwa hiyo hapo katikati tuko sawa. Inapimwa mapema kwa sababu sensa inayodanganya kwamba injini ni baridi huifanya kompyuta imwage mafuta mengi kwenye injini ya moto, plagi zinalowa. Hapa plagi zilikuwa kavu. Haijaondolewa kwenye orodha, ila imeshuka chini.

Siku ya 2. Kutega mtego

Hitilafu ya kuja na kuondoka haipimwi ikiwa imeondoka. Vipimo lazima viwe vimeshafungwa kabla gari halijagoma, ili likigoma pasiwe na kufungua kitu; dakika tano za kutafuta bisibisi zinatosha distribyuta kupoa. Viliwekwa vitatu:

Geji ya mafuta kwenye bolti yenye tundu ya chujio, upande wa kutokea, na washa (pete) mpya mbili za kuzibia.

Taa ndogo ya kupimia moto wa plagi, ile inayokaa katikati ya waya na plagi ya silinda 1 (upande wa puli), injini ikiendelea kufanya kazi. Asiye nayo atumie plagi ya akiba iliyofungwa vizuri kwenye bodi kwa waya. Waya wa plagi usiachwe ukining'inia hewani wakati stata inazungusha: umeme ukikosa pa kwenda unatoboa koili.

LED moja yenye rezista ya kilo-omu 1, kupitia pini mbili nyembamba zilizoingizwa nyuma ya soketi ya nozeli namba 1. Soketi haichomolewi. LED ikikataa, geuza pini. Taa ya balbu kubwa isitumike hapo.

Presha ya mafuta ilipimwa palepale, kwa psi (pauni kwa inchi ya mraba). Injini ikinguruma taratibu: psi 34 (kitabu: 31 hadi 37). Hozi ya vakumu ya regyuleta (kidhibiti cha presha ya mafuta) ikichomolewa: psi 41 (38 hadi 44). Nzuri. Hozi yenyewe ndani kavu, haina harufu ya petroli, kwa hiyo ngozi ya regyuleta haijapasuka. Kisha injini ikazimwa na saa ikaanza: dakika 1, psi 28. Dakika 5, psi 11. Dakika 9, sifuri.

Kitabu kinataka zibaki angalau psi 21 baada ya dakika 5. Hapa kuna ugonjwa wa kweli. Petroli iliyobanwa haichemki kirahisi; presha ikiondoka huku reli ina joto, inageuka mvuke, na stata lazima isukume mvuke wote kabla ya nozeli kupata kimiminika. Zile sekunde nane za kuzungusha zinatoka hapo.

Wapi inavuja? Injini iliwashwa tena, ikazimwa, na hozi ya mpira inayorudisha mafuta kwenye tanki ikabanwa kwa kibano chenye midomo laini: presha ikaanguka vilevile. Si regyuleta. Mara ya pili ikabanwa hozi ya kuleta mafuta kabla ya chujio: dakika 5, psi 30. Basi mafuta yanarudi kupitia pampu. Vali yake ya kuzuia kurudi haishiki. (Yangeendelea kuanguka hozi zote mbili zikiwa zimebanwa, nozeli zingekuwa zinadondosha, na plagi moja au mbili zingetoka zimelowa.)

Jaribio la gari likiwa la moto, dakika 25 boneti limefungwa: liliwaka kwa sekunde 9. LED na taa ya moto zilipepesa tangu mzunguko wa kwanza. Kilichokosekana ni mafuta tu.

Wengi hushauri kuwasha swichi mara mbili tatu ili pampu ijaze presha. Kwenye magari mengine ni sawa. Pampu ya gari hili haiungurumi kwa swichi ON peke yake. Rilei yake (swichi ya umeme inayoiwasha) inasubiri stata, au ishara kwamba injini inazunguka. Ukitaka ijaze, unganisha +B na FP kwenye kile kiboksi. Tulifanya hivyo kwa sekunde 5 kabla ya stata: likawaka kwa sekunde moja. Ushahidi umekamilika.

Siku ya 3

Pampu mpya, yenye vali inayoshika, na soksi yake (chujio la mdomoni) mpya. Kipande cha hozi kilicho ndani ya tanki nacho kilibadilishwa kiwe cha aina inayoweza kuzama kwenye petroli. Hozi ya kawaida inaoza nje-ndani. Presha baada ya dakika 5: psi 31. Baada ya dakika 30: psi 26. Majaribio manne ya moto, yote chini ya sekunde 2. Gari likaondoka, kibandiko cha betri kikiwa mahali pake.

Siku ya 4 hadi ya 6

Hakuna tatizo.

Siku ya 7

Limegoma kabisa, saa nane mchana, sehemu ya maegesho isiyo na kivuli, dakika 20 baada ya kuzimwa. Stata inazungusha, injini haikohoi hata mara moja. Likawaka baada ya saa moja na dakika kumi.

Ukurasa wa siku ya 1 ukarudiwa kusomwa. "Linachelewa kuwaka" na "haliwaki kabisa" ni wagonjwa wawili waliolazwa kitanda kimoja. Anayechelewa ametibiwa. Asiyewaka ndiye wa zamani, aliyekuwepo kabla ya pampu yoyote kubadilishwa. Aliyechelewa alizaliwa na ile pampu ya kubahatisha. Plagi kavu zilisomwa kama "mafuta hayafiki", kumbe zinasema tu kwamba nozeli hazikumwaga petroli.

Kodi, safari hii betri haijaguswa: pepesa moja, kituo, pepesa mbili. 12. Kwenye kompyuta hii maana yake stata imezungusha sekunde mbili au zaidi bila ishara ya mzunguko kutoka kwenye distribyuta. Imeandikwa, lakini haijathibitishwa. Waya uliokatika njiani huandika kodi hiyohiyo.

Siku ya 8. Kulikamata

Vipimo vyote vikarudishwa. Safari ya dakika 30, kiyoyozi kimewashwa, kisha boneti limefungwa na blanketi zito juu yake. Raundi ya kwanza, dakika 20: likawaka. Ya pili: likawaka. Ya tatu: likawaka. Raundi ya nne, dakika 25: likagoma.

Geji: psi 40 wakati stata inazungusha. Taa ya moto: giza. LED ya nozeli: giza.

Hapo ndipo thamani ya kupima vyote kwa pamoja. Moto ukikosekana na nozeli zinafanya kazi, tafuta upande wa koili na ignaita (kifaa kinachoikatia koili umeme ili itoe moto). Nozeli zikikosa amri na moto upo, tafuta upande wa nozeli. Vyote viwili vikifa kwa pamoja, sababu iko juu yao: ama kompyuta haina umeme, ama haijui kwamba injini inazunguka. Haijui, haitoi moto wala mafuta.

Umeme wa kompyuta unapimwa bila kuifungua: soketi ya sensa ya vakumu, kati ya VC na E2, swichi ON. Volti 5.0. Hiyo volti 5 inatengenezwa na kompyuta yenyewe, kwa hiyo iko hai na rilei kuu ya EFI inashika. (Honda nyingi za miaka hiyo huishia hapa: solda ndani ya rilei kuu inapasuka, inaachia kwa joto. Ndiyo maana kipimo hiki hakirukwi.)

Sensa ya maji: kilo-omu 0.26. Imeondolewa kwenye orodha.

Sasa distribyuta. Ndani yake kuna koili ndogo za kusoma mzunguko: G inaeleza silinda ya kwanza iko wapi, NE inaeleza shafti imezunguka kiasi gani. Kitabu cha familia hii ya injini: G omu 185 hadi 275 ikiwa baridi, 240 hadi 325 ikiwa ya moto; NE omu 370 hadi 550 baridi, 475 hadi 650 moto. Swichi ikazimwa, soketi ikachomolewa, mita kwenye pini:

G: omu 291.
NE: OL. Mita haisomi kitu, waya umekatika.

Kitambaa kilicholowa maji baridi kikazungushiwa mwili wa distribyuta, mbali na soketi. Mita iliachwa kwenye NE. Dakika moja, OL. Dakika mbili, OL. Karibu na ya tatu namba zikaruka: 1,840, OL, 702, OL, kisha 566 ikatulia, ikashuka polepole hadi 531. Soketi ikarudishwa, stata ikapigwa, gari likawaka kwa mzunguko wa pili.

Kuna kitu kimoja zaidi kimeeleweka: kuna fundi aliyewahi kumwagia injini maji ili iwake, na ikawaka. Maji yake yalikuwa yanapoza NE bila yeye kujua, na kufaulu huko kukamfanya aamini kwamba "mafuta yalikuwa yanachemka".

Siku ya 9. Mezani

Distribyuta imefungwa kwenye hedi upande wa giaboksi. Kabla ya kuitoa: silinda 1 juu kabisa kwenye kupandisha, alama ya puli kwenye 0, rota ikielekea mguu wa waya namba 1, na mstari wa rangi kati ya mwili na hedi. Bolti mbili, spana namba 12. Kikombe na rota vikatoka. Ndani kulikuwa na oili nyembamba ukutani; sili ya shafti inapitisha.

Draya ya nywele, kipimajoto kwenye mwili wa chuma, mita kwenye NE. Nyuzi 40: omu 498. Nyuzi 60: 541. Nyuzi 75: 574. Nyuzi 82: OL. Ikipoa hadi 70 inarudi. Marudio matatu, mara zote kati ya nyuzi 80 na 84. Waya mnene unaotoka kwenye koili ukisukumwa kidogo kwa kijiti cha mbao, OL inakuja hata kwenye nyuzi 60. Kwa hiyo ufa uko pale waya mwembamba kama unywele unapoungana na ule mnene, chini ya gundi. Gundi na shaba havipanuki sawa. Miaka 30 ya moto na baridi imemaliza kiungo.

Je, unaweza kuchokonoa gundi na kulehemu? Inawezekana. Haishauriwi. Waya ule unakatika zaidi ukiguswa, na kiungo kipya kitakaa kwenye joto lilelile. Ufa ukikua, NE itapotea gari likiwa kwenye mwendo, na hapo halitakuwa suala la kuchelewa kuwaka maegeshoni.

Mpya ya mwili mzima haikupatikana kwa haraka, ikatafutwa ya mtumba. Mambo ya kuangalia dukani: idadi ya pini za soketi na mpangilio wake ziwe sawa na ya zamani (distribyuta za injini za kabureta zinafanana kwa sura, ndani hazina NE na G za aina hii); shafti isiyocheza ukiitikisa kwa upande; pengo kati ya meno ya rota ya ishara na koili, milimita 0.2 hadi 0.4, lipimwe kwa fila geji ya shaba kwa kuwa ya chuma inavutwa na sumaku. Na muhimu kuliko yote, ipimwe ikiwa ya moto. Muuzaji atapima baridi na kusema "nzima", naye hadanganyi, maana hata yetu ikiwa baridi ni nzima.

Tatu zilijaribiwa kwa draya hadi nyuzi 95. Ya kwanza NE ikaenda OL kwenye 88. Ya pili umeme ulikuwa mzuri, shafti ilicheza. Ya tatu: NE 486 baridi, 618 kwenye nyuzi 95, imetulia hata kwa kutikiswa, G 224 baridi, 289 moto. Koili ya moto wa plagi ndani yake: upande wa msingi omu 1.4, upande wa pili kilo-omu 12.1, vyote ndani ya kitabu (1.11 hadi 1.75, na 9.0 hadi 15.7). Hiyo ndiyo iliyonunuliwa.

Siku ya 10. Kufunga

Sili ya ndani na oringi ya nje mpya, oringi ikapakwa oili kidogo ili isijikunje. Kikombe na rota ni vile vyetu, vilikuwa na mwaka mmoja. Waya za plagi kwa mpangilio 1-3-4-2. Upinzani wake umepimwa, mrefu kuliko zote kilo-omu 9 (kikomo 25).

Taimingi (wakati wa plagi kutoa moto): injini ipate moto wake wa kawaida, vifaa vyote vya umeme vizimwe, TE1 na E1 ziunganishwe, taa ya taimingi kwenye waya namba 1. Ilisoma nyuzi 14 za mzunguko kabla ya pistoni kufika juu. Distribyuta ikageuzwa hadi 10, bolti zikakazwa, ikasomwa tena, kwa kuwa kukaza kunaisogeza. Usipounganisha TE1 na E1 kompyuta itakuwa inabadilisha taimingi yenyewe na namba utakayoiona haina maana.

Fyuzi ya EFI ikatolewa sekunde 30 kufuta kodi 12. Hiyo ndiyo ruhusa ya kwanza ya kufuta tangu kazi ianze.

Siku ya 10 hadi ya 19. Uthibitisho

Kugoma kulitokea takriban mara moja katika raundi nne za moto. Gari likiwaka raundi nne mfululizo bado hujathibitisha kitu, linaweza kufaulu hata likiwa bovu. Lengo likawekwa raundi 16: dakika 30 barabarani, dakika 25 boneti limefungwa na blanketi juu.

Raundi 1 hadi 6: limewaka, sekunde 1 hadi 2.
Raundi ya 7: sekunde 4. Presha kabla ya stata psi 27, taa zote mbili zilipepesa. Kibano cha betri kilikuwa hakijakazwa baada ya kuoshwa injini, stata ikazungusha kivivu. Kimekazwa bila kukichomoa.
Raundi 8 hadi 16: sekunde 1 hadi 2.

Joto la mwili wa distribyuta dakika ya 25, kwa wastani wa raundi hizo: nyuzi 86. Ya zamani ilikuwa inaachia kwenye 82.

Kodi baada ya raundi ya mwisho: hakuna, taa inapepesa mfululizo, na safari hii kumbukumbu haijafutwa. Odometa: km 215,210. Kilichobaki ni kukagua sili ya distribyuta baada ya km 1,000 kama oili inarudi. Ile ya zamani imefungwa kwenye mfuko na maandishi ya wino: NE, nyuzi 82.